Kichwa cha Pasi

Asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Cheche alishika ncha moja ya shuka na mama yake akashika ncha ya pili. Mama alizungusha kulia, yeye akazungusha kushoto, mpaka shuka likawa kamba nene na maji yakawamwagikia miguuni. Wakalikung'uta, wakalitundika, wakachukua jingine. Hiyo ndiyo kazi iliyowalisha pale nyumbani: kufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na kituo cha mabasi. Mashuka yenyewe yote meupe. Cheche aliwahi kusema kwamba mtu aliyeamua mashuka ya wageni yawe meupe hakuwahi kufua hata soksi zake mwenyewe.

Jina lake la darasani lilikuwa refu na zuri, ila nyumbani halikupata nafasi. Shangazi yake alimpachika jina la Cheche siku alipomng'ata kinyozi kidole, akiwa bado hajajua hata kufunga kamba za viatu, na tangu hapo hakufanya lolote la kumfanya apewe jina jingine. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hasira zake zilikuwa palepale, karibu na ulimi.

Msimu ule wa joto ulimpa sababu za kutosha. Hewa ilikuwa nzito mno. Ulioga, ukajifuta, na kabla hujafunga vifungo vya shati ulikuwa umelowa tena. Mawingu yalijaa kutwa nzima bila kudondosha hata tone, halafu siku mbingu ikiwa safi kabisa, mvua ilimwagika ghafla kama mtu aliyemwaga beseni dirishani, ikakatika, na jua likarudi kuitoa ardhi mvuke. Mashuka ambayo zamani yalikauka kabla ya chai ya saa nne sasa yalishinda kambani na jioni bado yalikuwa na unyevu. Shuleni watoto waliachiwa mapema, maana chini ya mabati ya darasa mwalimu mwenyewe alianza kusahau anafundisha somo gani.

Mwenye kazi alikuwa shangazi. Baba yake Cheche alikuwa dereva wa lori, mtu wa kupiga honi getini, kula, kulala na kuondoka. Kwa hiyo nyumba iliendeshwa na wanawake wawili, mama na wifi yake, na kati ya hao wawili kila mtu mtaani alijua nani anaendesha na nani anaendeshwa. Shangazi alikuwa mwembamba, amenyooka, hana mkunjo wowote kwenye nguo wala usoni. Alijifunza udobi akiwa msichana kwa bibi mmoja mkali, na kila alichofundishwa na bibi yule alikishika bila kukihoji. Neno lake kubwa lilikuwa moja: "Jikaze kisabuni." Uchoke, uugue, uumie kidole, jibu lilikuwa hilohilo.

Sheria kali kuliko zote ilikuwa ya chumba cha pasi. Kilikuwa chumba kidogo uani, paa la mabati, dirisha moja. Umeme ulikatika kila joto lilipozidi, kwa hiyo walitumia pasi ya mkaa, ile nzito yenye mfuniko na kitundu cha kupulizia. Dirisha na mlango vilifungwa wakati wa kazi, kwani upepo ukiingia uliinua majivu na kuleta vumbi la barabarani, na majivu yakitua juu ya shuka jeupe, mfuaji anaanza upya. Juu ya meza palikuwa na blanketi kuukuu la kupigia pasi na kopo la maji lililotobolewa matundu kwa msumari. Maji hayo yalikuwa ya kunyunyizia mashuka, ili mikunjo ilegee.

Watu hawakuruhusiwa kuyanywa. Hayo wala mengine. Mpiga pasi akishaingia hakunywa kitu mpaka mzigo uishe, na hata kabla ya kuingia alitakiwa asinywe. Shangazi alikuwa na sababu yake, na aliieleza kama anayesoma sheria ya nchi: ukinywa maji unatoka jasho, jasho likidondoka kwenye shuka na pasi ikapita juu yake, linaacha alama ya njano. Usiponywa, hutoki jasho. Kwisha maneno.

Cheche aliichukia sheria hiyo kuliko hesabu za sehemu. Aliichukia zaidi kwa sababu ya kitu walichokiita kichwa cha pasi. Kila aliyefanya kazi ndani ya chumba kile alitoka kichwa kikimgonga, macho mekundu, hataki kuongea na mtu. Mama alikuwa nacho karibu kila siku. Shangazi alikuwa nacho. Hata yule bibi aliyemfundisha, inasemekana, alikuwa nacho mpaka alipoacha kazi. Walikizoea kama mkulima anavyozoea sugu za mikononi. Dawa yake ilikuwa kufunga kitambaa kichwani, kukikaza sana, na kurudi kazini.

Siku hiyo Cheche alirudi kutoka shule mapema na kukuta uani kumechafuka. Nguzo ya kamba ilikuwa imelala chini, na mashuka aliyoyakamua asubuhi kwa mikono yake mwenyewe yalikuwa yametapakaa kwenye matope. Mvua ilikuwa imepita. Barabarani alikotoka hapakuwa hata na tone moja, vumbi tupu. Ilinyesha mtaa wao tu, tena na upepo juu yake. Alisimama na mkoba mgongoni, akaitazama mbingu, na mbingu ikamtazama, safi, ya buluu, kama haijui lolote. Kama kungekuwa na mtu wa kumng'ata huko juu, angemng'ata.

Watu wakikosa wa kumlaumu hulaumiana. Shangazi alikuwa akimlaumu mama kwamba hakuanua mapema. Mama alijibu kwa sauti ya chini kwamba hapakuwa na wingu lolote. Shangazi akasema mtu mwenye akili hangoji wingu. Mama akanyamaza, na kunyamaza kwake kukampandisha Cheche hasira zaidi kuliko maneno ya shangazi. Kila mara mama alinyamaza.

Wakiwa bado hawajamalizana, akaingia meneja wa nyumba ya wageni, na miwani ya jua, na pikipiki yake ikinguruma nje ya geti kana kwamba nayo ina madai. Alisema ana kundi la wageni linalofika jioni, vitanda vyote viko wazi, na hataki kusikia habari za mvua kwa sababu kwake haikunyesha. Alitazama mashuka kwenye matope, akavuta pumzi kwa pua, akasema kuna madobi wengine mjini. Shangazi alimwahidi kwamba jioni atapata mzigo wote. Alipoondoka, shangazi alikuwa amekunja ndita. Ilikuwa mara ya kwanza Cheche kumwona na mkunjo.

Kazi ikagawanywa palepale. Mashuka ya jana, yaliyokuwa na unyevu bado, yapigwe pasi mpaka yakauke. Hayo ni ya mama. Yaliyoanguka matopeni yafuliwe upya. Hayo ni ya shangazi na Cheche.

"Mchana huu?" Cheche akauliza. "Ndani mle?"

"Na wewe unataka apigie pasi wapi, barabarani?" shangazi akamjibu.

Hakuna mtu mwenye akili aliyekuwa nje ya kivuli saa ile. Mbwa wa jirani alikuwa amelala ndani ya mtaro. Fundi seremala wa nyumba ya pili alikuwa ameweka msumeno chini na kujilaza juu ya mbao zake. Mama pekee ndiye alifungua mfuniko wa pasi, akatia makaa mekundu kwa koleo, akaufunga, akaingia kwenye chumba kile na kuuvuta mlango nyuma yake.

Cheche alifua huku akibamiza. Alibamiza shuka kwenye beseni, akabamiza sabuni, akabamiza ndoo. Shangazi alimwambia shuka halijamkosea kitu. Baada ya muda alishindwa kuvumilia, akaenda mtungini, akajaza kikombe maji, akaenda moja kwa moja chumba cha pasi bila kuaga.

Mlango ulipofunguka, joto lilimpiga usoni mpaka akafumba macho. Ndani palinuka mkaa na kitambaa kibichi, na mvuke ulikuwa umejaa chini ya mabati. Mama alikuwa anapeleka pasi na kurudisha, kitambaa kimekazwa kichwani, kingine amekishika kwa mkono wa kushoto kwa kujifutia paji la uso kabla jasho halijadondoka. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka. Kisha akachukua lile kopo la matundu na kunyunyizia shuka maji, taratibu, kila kona.

"Mama, kunywa," Cheche akasema.

"Funga mlango, majivu."

"Kunywa kwanza."

"Nikinywa nitadondosha, mwanangu. Yamebaki machache. Nenda kamsaidie shangazi yako."

Cheche alikuwa bado ananyoosha kikombe pale mkono wa shangazi ulipotokea nyuma yake na kukichukua. Shangazi hakumpiga wala hakupaza sauti. Aliyamwaga maji chini, akamshika bega, akamtoa nje na kufunga mlango. Alimwambia kwamba yeye amepiga pasi katika chumba cha namna hiyo tangu akiwa mdogo na hajafa, na kwamba mtoto anayejua kila kitu angefaa kujua pia kunyamaza. Cheche aliyatazama maji yakipotea ardhini. Alikuwa na hasira mpaka masikio yakawa yanavuma. Alirudi kwenye beseni na hakubamiza tena kitu chochote, na hiyo kwake ilikuwa hasira kubwa kuliko ya kubamiza.

Harufu ndiyo iliyowafikia kwanza. Ilikuwa harufu ya kitambaa kinachoungua. Shangazi aliinua kichwa. Katika miaka yote ya kazi mama hakuwahi kuunguza hata leso, na wote wawili walilijua hilo. Shangazi aliacha shuka majini, wakakimbia.

Mama alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono imening'inia. Pasi ilikuwa imekaa juu ya shuka na moshi ulikuwa unapanda pembeni yake. Hakuwa anaitazama. Alikuwa anautazama ukuta.

"Wifi, shuka la watu hilo," shangazi akasema, akairukia pasi na kuinyanyua. Chini yake palikuwa na alama nyeusi, sura kamili ya pasi. "Wifi, una nini leo?"

Mama aligeuka polepole, akamtazama Cheche, akamwita kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyefariki zamani. Akamwambia aanue nguo, giza linaingia. Nje jua lilikuwa linawaka. Kisha akaanguka kati ya meza na ukuta.

Cheche alimfikia kabla ya shangazi. Alimshika shingo, akaurudisha mkono haraka. Mwili wa mama ulikuwa unachoma. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto kama ubavu wa jiko, haina hata tone la jasho. Shangazi alipiga kelele aletewe blanketi, kwa sababu mwili ulikuwa unatetemeka, na yeye alifundishwa kwamba mtu akitetemeka anafunikwa.

Hapo ndipo Cheche alipolipuka. Hakuchagua maneno, hakukumbuka adabu, wala hakujali kwamba seremala alikuwa ameshasikia kelele na kufika mlangoni.

"Humfuniki," akamwambia shangazi yake. "Anaungua kama shuka lako. Mashuka tunayanywesha, mama hatumnyweshi. Mashuka yanapewa maji kila kona, yeye unammwagia chini. Mtoeni nje."

Seremala hakungoja waelewane. Alimshika mama mabegani, shangazi akashika miguu, wakamtoa hadi kwenye kivuli cha ukuta. Shangazi akakimbilia kikombe, akainua kichwa cha mama ili amnyweshe, na maji yakatoka pembeni mwa mdomo na kumfanya akohoe. Seremala akamzuia. Alisema mtu ambaye hajitambui hamezi, maji yatampalia.

Cheche alikuwa ameshaondoka. Alijua jambo moja tu la kufanya, nalo alilijua kutokana na kazi yao. Pasi ikizidi moto hadi inatishia kuunguza, huiachi ukaisubiri ipoe. Unaikandamiza kwenye kitambaa kilicholowa, inatoa mvuke, inapoa. Aliingia chumba cha pasi. Mezani palikuwa na rundo la mashuka yaliyokwisha kazi, yamekunjwa, yana kingo zilizonyooka kama madaftari mapya. Aliyakumbatia yote, akatoka nayo, akayatumbukiza kwenye beseni la maji ya kusuuzia.

Shangazi aliona. Kazi ya mchana mzima, mzigo alioahidi kwa mdomo wake mwenyewe, ilikuwa inazama mbele ya macho yake. Alisimama, na kwa muda kidogo Cheche alidhani atanyang'anywa. Alimtazama shangazi yake usoni bila kupepesa, shuka likimchuruzika mikononi. Shangazi akachukua ncha ya pili.

Walimfunika mama shingoni, kwapani, tumboni na miguuni. Shuka likipata moto walilitoa na kuweka jingine. Seremala alipepea kwa kipande cha ubao mwembamba mpaka mkono ukamuuma, akabadilisha mkono. Baadaye wakaleta mkokoteni wa kubebea mizigo ya nyumba ya wageni, wakatandika mashuka yaliyolowa, wakamlaza mama juu yake kwa ubavu. Seremala alivuta, shangazi alisukuma, na Cheche alitembea pembeni na ndoo, akimmwagia mama maji kidogo kidogo njia nzima hadi zahanati. Watu walitoka milangoni kutazama. Shangazi, mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana mtaani na kitambaa kimekaa upande, alipita katikati yao miguu mitupu, nguo imejaa matope, na hakumsalimia mtu.

Muuguzi wa zahanati alikuwa mwanamke mnene mwenye macho ya kuchoka. Alimpokea mama bila maswali mengi, akamwingiza ndani, akamtundikia dripu, akawasha feni iliyokuwa inalia kila ilipozunguka. Hao watatu walisubiri kwenye benchi. Cheche hakulia. Alikuwa amekaza taya na kuutazama mlango kana kwamba unamdai maelezo. Alikuwa anaogopa kwamba mama atakufa, na alikuwa anamchukia shangazi yake kwa hilo, na alikuwa anajichukia mwenyewe kwa kuruhusu kutolewa chumbani mara ya kwanza.

Muuguzi alipotoka, alianza kwa ukali. "Nani alimfunika na mashuka yaliyolowa?"

Wakatazamana. Cheche akainua mkono kama yuko darasani.

"Umempa mama yako nafasi," muuguzi akasema. "Amefumbua macho. Mngemfunika na blanketi tungekuwa tunaongea mengine sasa hivi. Haya, na nani alimfungia ndani na pasi ya mkaa mchana wa leo?"

Shangazi akasema ni yeye. Akaeleza habari ya majivu, ya jasho na alama ya njano. Alieleza vizuri, kama alivyozoea, lakini kadiri alivyoendelea sauti ilipungua, na mwisho ikafika mahali haikusikika tena.

Muuguzi hakumhurumia. Alisema tangu asubuhi anapokea watu kama huyo, wa sokoni, wa kwenye majengo, mzee mmoja aliyekuwa amekaa tu nyumbani kwake, na kila mmoja ana sababu yake nzuri ya kutokunywa maji. Alisema mtu hatoki jasho kwa kuwa amekunywa. Anatoka jasho kwa kuwa mwili unajipoza, na ukikosa maji mwili unatoa ya akiba mpaka yanaisha, na yakiisha ndipo ngozi inakauka na mtu anaungua ndani kwa ndani. Hewa ikiwa na unyevu kama ya siku hizi jasho halikauki, linatiririka tu bila kumpoza mtu, kwa hiyo maji yanahitajika zaidi, na kivuli, na upepo, na kupumzika mchana.

"Alikuwa analalamika kichwa?" akauliza.

"Hicho ni kichwa cha pasi tu," shangazi akasema. "Sote tunacho."

"Mnacho tangu lini?"

Muuguzi akavuta kiti, akakaa mbele yake.

"Hicho mnachokiita kichwa cha pasi, mama, ni kiu. Kiu, na moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa, ambao nao peke yake unatosha kuua mtu. Mwili unapiga kelele, nyinyi mnaufunga kitambaa."

Shangazi alipeleka mkono kichwani, akakifungua kitambaa chake, akakiweka mapajani. Cheche aliona alama nyekundu iliyozunguka paji lake la uso, pale kitambaa kilipokuwa kinakazwa. Hakuacha kumkasirikia. Ila hasira zikapata kitu kingine ndani yake, kitu ambacho hakukitaka wakati ule, yaani huruma.

Waliporuhusiwa kumwona, mama alikuwa ameketi, uso umelegea, sauti ya kukwaruza. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama mashuka yamekamilika. Cheche akasema kama mama atataja tena mashuka atatoka nje na hatarudi. Halafu akaegemea mguu wa mama yake na kulia kwa kelele, kama mtoto mdogo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jioni joto lilipopungua kidogo, muuguzi aliwaruhusu, kwa masharti aliyoyarudia mpaka shangazi akaweza kuyasema bila kukosea. Walirudi na mkokoteni uleule. Meneja alikuwa anawasubiri getini, miwani ya jua bado usoni ingawa jua lilikuwa limeshuka. Alikuwa ameshachungulia uani na kuona. Mashuka ya asubuhi yalikuwa bado yanaelea kwenye beseni. Yaliyopigwa pasi yalikuwa yamekunjamana chini ya mgonjwa. Moja lilikuwa limeungua.

Alianza kuongea kabla mkokoteni haujasimama. Kwamba alipewa ahadi. Kwamba wageni wako njiani. Mama, kwa mazoea, alijishika ukingo wa mkokoteni akaanza kushuka, akisema kwamba akipumzika kidogo ataweza kumalizia machache. Shangazi alimkandamiza bega, akamrudisha chini.

"Meneja," akasema, "ahadi niliitoa mimi, na mimi nimeivunja. Lililoungua nitakununulia jingine. Mengine utayapata kesho kutwa, yakiwa yamekauka, kama mvua itataka. Kuanzia leo hapa hapapigwi pasi mchana wa joto. Tutapiga alfajiri na jioni, dirisha likiwa wazi."

"Na wageni wangu walalie nini?"

"Walalie magodoro. Wifi yangu alitaka kulala chini ya ardhi kwa ajili yao."

Meneja alisema majivu yataingia. Shangazi akasema yaingie. Meneja akasema yeye halipokei shuka lenye doa.

"Shuka likipata doa tunalifua tena," shangazi akasema. "Mtu hafuliwi mara ya pili. Kama una dobi anayeweza hilo, mpelekee mzigo wako."

Meneja alimtazama mama, pengine kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja. Alivua miwani, akaishika mkononi bila kujua aifanyie nini. Mwisho alisema kesho kutwa ni sawa, akamtakia mgonjwa nafuu, akaondoka na pikipiki yake polepole. Seremala akasema huyo atarudi, hakuna dobi mwingine mjini anayeweza kunyoosha kingo namna ile.

Walimlaza mama kwenye mkeka, mahali penye upepo, na kikombe karibu na mkono. Shangazi alikwenda chumba cha pasi, akakaa humo kidogo, wakasikia komeo la dirisha likigoma, kisha likikubali. Aliporudi alimwita Cheche. Cheche alikwenda akiwa amejiandaa. Alijua kwamba mtoto hampayukii shangazi yake mbele za watu kisha yakaisha hivihivi.

"Leo umenivunjia adabu," shangazi akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Siku nyingine utanivunjia adabu kwa sauti ya chini. Lakini usiache kusema. Mimi nilifundishwa kujikaza, nikadhani kujikaza ndiyo bidii ya kazi. Mtu mwenye bidii anautunza mwili wake kwanza, ndio wa kufanyia kazi hiyo kesho. Joto halimwogopi mchapakazi, na hali ya hewa haijui tumeahidi nini. Hatuwezi kuiamrisha. Tunachoweza ni kubadilisha kazi yetu." Alilamba midomo. "Ukiona mtu yeyote anaingia chumba kile hajanywa maji, mzuie. Hata akiwa mimi."

Cheche alimtazama. Midomo ya shangazi yake ilikuwa imekauka na kuwa na utando mweupe, na alikuwa ameegemea ukuta ili asiyumbe.

"Shangazi," akasema, "wewe leo umekunywa maji saa ngapi?"

Shangazi alifikiri. Alifikiri tena. Akafungua mdomo kusema kitu kuhusu beseni la mashuka lililokuwa linamsubiri.

"Kaa chini," Cheche akasema, tena kwa sauti ya chini.

Shangazi akakaa.